Jike Mwekundu, Mabinti wa Kijivu: Maswali ya Wafugaji wa Njiwa

Barua za mwezi huu zimetoka pande zote za Mombasa, na karibu zote zinauliza jambo moja: rangi. Tumeanza na ile iliyotutia wasiwasi, maana kuna njiwa asiye na kosa anayetaka kuuzwa.

Salaam aleikum. Nina dume wa kijivu mwenye mistari miwili myeusi mbawani, na jike mwekundu niliyemnunua Majengo. Wamenitolea makinda sita: madume wote wekundu, majike wote wa kijivu. Jirani anashikilia kwamba jike huyu anapandwa na dume wa nje, kwani haiwezekani mabinti wote wasichukue hata chembe ya mama yao. Nimuuze? (Msomaji, Kisauni)

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Usimuuze. Makinda hao sita ndio ushahidi wake.

Rangi za msingi za njiwa ni tatu: wekundu wa majivu, kijivu na kahawia. Wekundu huufunika ukijivu, na kijivu huifunika kahawia. Jeni ya rangi hizi, yaani chembe ya urithi, imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaoamua dume au jike. Dume ana kromosomu mbili za namna hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Jike anayo moja tu, naye huipata kwa baba. Kwa hiyo mama mwekundu huwapa wekundu wake wana wa kiume peke yao. Mabinti hubaki na alichowapa baba, na baba yao ni wa kijivu. Dume wa kijivu kwa jike mwekundu, matokeo ni hayo uliyoyaona kila wanapotaga, na faida yake ni kwamba unajua dume na jike mapema, manyoya tu yakishachipua.

Jirani yako angekuwa na hoja kama angetokea jike mwekundu. Hapo kweli baba angekuwa mwingine. Angetokea dume wa kijivu, basi hata mama si huyo: njiwa mwingine ametaga kwenye kiota chake.

Jambo moja la kuhakikisha. Mshike jike, umkunjulie mkia kama upepeo. Mwekundu wa majivu ana mkia mweupe-mweupe wa majivu, hauna ule ukanda mweusi wa mwishoni alio nao njiwa wa kijivu, na mistari ya mbawani ni myekundu. Akiwa mwekundu mzito mpaka ncha ya mkia, huo ni wekundu mwingine, unaojificha, na hauna uhusiano na jinsia. Unataka jeni kutoka kwa wazazi wote wawili ndipo uonekane. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walizitambua jeni tatu za rangi za njiwa, na ya wekundu wa majivu na ya wekundu huu unaojificha ni jeni mbili tofauti kabisa.

Madume wako wekundu sasa wamebeba ukijivu ndani. Wakishabadilisha manyoya ya utotoni, tazama mbawa na mkia: mara nyingi utakuta vidoa vyeusi kama wino uliodondoka. Wafugaji wengi huviona ni dosari wakamtupilia mbali njiwa huyo. Sisi tunamthamini, kwa sababu anakwambia waziwazi alichobeba.

Shikamoo mhariri. Njiwa wangu wawili ni weusi. Kinda mmoja ameanguliwa akiwa karibu uchi, mwenzake ana malaika, yale manyoya laini ya utotoni, tele ya manjano. Mama ananiambia nimtoe, ni mgonjwa. (Msomaji, Likoni)

Marahaba, mwanetu. Mwambie mama, kwa adabu, asubiri wiki mbili. Kinda akiwa anainua kichwa, anajaza kibofu cha chakula shingoni na ngozi yake ina wekundu wa afya, si mgonjwa. Malaika mafupi ni dalili ya rangi iliyofifia: mweusi hugeuka rangi ya risasi, mwekundu akawa wa manjano, wa kijivu akawa wa fedha. Hizo ndizo rangi watu wanazozitafuta.

Jeni hii pia iko kwenye kromosomu ya jinsia, ila yenyewe ni dhaifu: hufunikwa na jeni ya rangi kamili. Wazazi wako si wa rangi iliyofifia, kwa hiyo baba ndiye aliyebeba, na huyo kinda ni jike, bila shaka. Nusu ya mabinti wa dume huyo watatoka hivyo. Mlindie kiota na upepo wa kusi, utandike nyasi kavu.

Siku ya 7 au ya 8 tangu kuanguliwa, mvishe kinda pete ya namba mguuni. Vidole vitatu vya mbele vikusanye pamoja uvipenyeze, kidole cha nyuma kilaze kando ya mguu, pete ikishapita kivute nje taratibu. Ukichelewa mpaka siku ya 12 mguu umeshanenepa, pete haipiti. Andika daftarini namba, tarehe na wazazi.

Kupata madume wa rangi hiyo, njia ya haraka ni kumrudisha binti kwa baba yake: nusu ya makinda, wa kiume na wa kike, watatoka wamefifia. Fanya mara moja tu. Ukiendelea kuzalisha ndugu kwa ndugu, mayai huanza kufia ndani na makinda huwa dhaifu. Njia tunayoipenda ni kumpa binti dume wa nje. Wana wao wa kiume wote watabeba jeni ya kufifia, kisha mmoja wao umpandishe na jike mwingine aliyefifia, wa banda jingine.

Weupe wawili wamenizalia kinda mweusi. Inawezekana? (Msomaji, Changamwe)

Inawezekana. Weupe una njia zaidi ya moja. Kama baba ni mweupe kwa jeni moja na mama kwa nyingine, kila mmoja huongeza kile ambacho mwenzake hana, rangi ikafunguka. Lakini hesabu hiyo ni ya jozi iliyofungiwa. Kwenye banda la wazi jike anaweza kupandwa na dume mwingine, na mbegu hukaa hai mwilini kwa siku kadhaa. Ukibadilisha mume, mfungie jike wiki tatu bila dume, kisha jozi uiweke kwenye chumba chake cha sentimita 80 kwa 60 kwa 60 mpaka mayai yote mawili yatagwe.

Nina njiwa wawili wa lozi, wale wenye michirizi ya rangi nyingi. Nikiwaoanisha nitapata wengi zaidi? (Msomaji, Mji wa Kale)

Tafadhali usiwaoanishe. Hapa tunasema kwa uchungu, maana anayeumia ni kinda. Kati ya makinda wanne wa jozi hiyo, kwa wastani mmoja ni dume aliyepata jeni ya lozi, ambayo nayo iko kwenye kromosomu ya jinsia, kwa baba na kwa mama. Huyo huwa karibu mweupe mzima, macho yamevimba au hayaoni, na wengi hufa mapema. Mpe kila mmoja mwenzi asiye wa lozi. Dume wa lozi atakupa lozi nusu kwa nusu. Jike wa lozi atawapa lozi wanawe wa kiume wote, wala si binti hata mmoja.

Sokoni nimeona njiwa wa waridi. Ni wa kweli? (Msomaji, Mtopanga)

Amepakwa. Njiwa wa kufugwa hawana waridi wala kijani mwili mzima. Ule mng'ao wa shingoni ni mwanga tu. Pangua manyoya ya kifuani utazame shinani: rangi ya kupaka huishia juu au huchafua ngozi. Sugua kwa pamba yenye spiriti. Kama umeshamnunua, ng'oa unyoya mmoja wa mkia. Baada ya wiki 5 au 6 utaota mwingine wenye rangi yake ya kuzaliwa.