Maswali na Majibu: Ndege ya Kivita Ikistoli kwenye Simuleta

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya stoli: bawa linaukabili upepo kwa pembe kubwa mno, hewa inabanduka juu yake, na nguvu ya kuibeba ndege inakatika.

Nikivuta jostiki hadi mwisho, F-16 inagoma kuinua pua zaidi. Jostiki nimeinunua Kariakoo juzi tu. Ni mbovu? (Msomaji, Sinza)

Jostiki yako ni nzima. Kwenye F-16 mkono wa rubani unapeleka ombi tu. Kompyuta ndiyo inayousogeza mkia. Pembe ya bawa ikikaribia digrii 25, au mzigo ukifika g 9 (mara tisa ya uzito wa kawaida), kompyuta inakukatalia. Ndege hii iliundwa makusudi bila utulivu wa asili ili igeuke upesi, kwa hiyo bila kompyuta hairukiki.

Nilipanda wima mpaka spidi ikaisha. Sasa pua inachezacheza juu na chini, ndege inadidimia, jostiki haifanyi kitu. Kompyuta si ilikuwa inilinde? (Msomaji, Mbagala)

Swali zuri sana hili. Kompyuta inakulinda kwa kutumia mkia, na mkia unahitaji upepo. Ukimaliza spidi huku pua iko juu, ulinzi unaishiwa nguvu, na bawa linaweza kukwama kwenye pembe ya digrii 50 hadi 60. Hiyo ni stoli ya kina. Geji ya pembe itakuwa imegota mwisho wake, na kompyuta haitaki tena kusikia maombi yako.

Kwanza achia jostiki, ndege iache kuzunguka. Kisha shikilia swichi ya MPO, usiiachie: inaondoa kizuizi na kukurudishia mkia. Halafu fuata mdundo wa pua. Inapopanda, vuta, inapoanza kushuka, sukuma hadi mwisho. Ni kama gari lililonasa kwenye tope la masika: ukikanyaga mafuta mfululizo linazidi kuzama, ukilisukuma mbele na nyuma kwa mpigo mmoja linachomoka. Wengi wanakosea hapa kwa haraka. Wanasukuma pua ikiwa bado inapanda, na mdundo unakufa. Pua ikishaangalia chini, usivute mpaka spidi ifike kama kilomita 370 kwa saa, la sivyo utarudi kulekule. Fanyia zoezi futi 30,000, maana kimo kinaliwa haraka mno.

Inawezekanaje kustoli nikiwa na spidi kubwa? (Msomaji, Kigamboni)

Inawezekana kabisa, kwa sababu stoli hufuata pembe ya bawa. Ndege inayostoli kwa kilomita 200 kwa saa ikiruka sawa, kwenye kona ya g 4 itastoli kwa 400.

Kwenye F-14 nalaza jostiki kulia, ndege inaelekea kushoto! (Msomaji, Tabata)

F-14 iliruka mara ya kwanza mwaka 1970, na haina kompyuta ya kukukataza kama ile ya F-16. Pembe ikiwa kubwa, kulaza jostiki upande mmoja kunaivuta pua upande wa pili. Weka jostiki katikati, uilaze ndege kwa pedali za miguu. Huna pedali? Kazi hiyo ipangie jostiki yenyewe, kwa kukizungusha kishikio chake, lakini usiendelee kuilazimisha kulia: ndivyo ndege hii inavyoingia kwenye mzunguko bapa (inazunguka kama pia huku imelala), na humo kutoka ni shida kweli.