Ukienda kuona mahekalu ya Dieng, lala huko huko

Dieng, uwanda wa juu milimani kisiwani Java, Indonesia, nimeenda mara mbili, na mara ya kwanza nilipoteza siku nzima, ndo maana naandika hii. Nilikuwa nasoma mji wa Yogyakarta, nikapanda gari la watalii la kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, tumefika saa nane mchana ukungu ushashuka hata mtu wa hatua kumi mbele humuoni, tukapiga picha tatu za mawe yaliyolowa tukaambiwa muda umeisha. Iliniuma sana. Yale mahekalu ya Kihindu ni kati ya majengo ya mawe ya kale kabisa yaliyobaki kisiwa cha Java, ya karne ya 7 na ya 8, Borobudur yenyewe, lile hekalu kubwa maarufu la Kibudha la Java, imekuja baadaye, na mi nilisimama pembeni yake nisione kitu.

Kwa hiyo mapema kabisa nakwambia, lala kule juu. Kutoka Yogyakarta unapita Magelang hadi Wonosobo, hapo unabadilisha unapanda basi dogo la kwenda Dieng, barabara inapinda pinda mlimani kama ya Lushoto, na pesa taslimu chukua kabisa Wonosobo. Nyumba za kulala za kawaida zipo. Baridi usiichukulie poa kwa sababu ni Indonesia, kule ni kama mita 2,000 juu ya bahari, mi nimekulia Njombe na bado nilivaa masweta mawili. Mwezi wa 7 na wa 8 inaweza kushuka sakitu, wenyeji wanaiita embun upas, yaani umande wa sumu, maana inaunguza viazi shambani. Na viazi ndo maisha yao, vimepandwa mpaka karibu na mahekalu, nilijisikia nyumbani kabisa.

Sasa ukiingia asubuhi wakifungua tu geti usitegemee majengo makubwa. Ni madogo, mengine kama chumba kimoja tu, na mtu asiyejua anaangalia nini anamaliza kwa dakika kumi anaondoka. Soma kidogo kabla. Yalijengwa kwa ajili ya Shiva, mungu wa Wahindu, ila majina unayoyasikia leo, Arjuna, Srikandi, Puntadewa, Sembadra, Bima, wenyeji waliyapachika karne nyingi baadaye kutoka hadithi za Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, wanazozicheza kwa vikaragosi, majina ya waliojenga hayajulikani. Angalia kile kijumba kifupi kinachotazamana na Arjuna, kinaitwa Semar, na Semar hayumo kwenye Mahabharata ya India, ni mhusika wa Wajava wenyewe, mtumishi mwenye hekima. Mi hapo ndo nilipopapenda, unaona watu walivyopokea kitu cha mbali wakakifanya chao.

Halafu usiishie mlangoni. Nenda Srikandi uizunguke taratibu, ukuta wa kaskazini kachongwa mungu Vishnu, mashariki Shiva, kusini mungu Brahma, wamelika na mvua ila jua la asubuhi likipiga kwa ubavu wanatokea vizuri, mchana huwaoni. Na Bima iko peke yake mbali na wenzake, wengi wanairuka, tafadhali usiiruke, paa lake limejaa vichwa vya watu vinavyochungulia kwenye vidirisha vya mawe. Sijaona kitu kama kile popote.

Ukisimama pale kumbuka pia kwamba mwaka 1814, Mwingereza mmoja alipopita, mahekalu yalikuwa yamezama kwenye maji ya ziwa, ni mwaka 1856 ndo kazi ya kuyakausha ikaanza chini ya mpiga picha Isidore van Kinsbergen. Kwa hiyo usipande juu ya mawe kutafuta picha. Niliona vijana wanafanya hivyo, nikawaomba washuke, walishuka.

Jambo lingine, tena hili zito. Dieng ni volkano hai. Karibu na Bima kuna kreta, yaani shimo la volkano, ya Sikidang inayotoa moshi wa salfa, kaa kwenye njia iliyowekwa, na ukiambiwa kreta fulani imefungwa usibishane wala usitafute njia ya panya, maana mwaka 1979 gesi ilitoka upande wa kreta ya Sinila ikaua watu zaidi ya 140, wengi wakiwa wanakimbia mlipuko. Gesi yenyewe ni ile kabondayoksaidi, haina rangi wala harufu, inatambaa bondeni, huioni ikija.

Ile mara ya pili niliingia nyasi bado nyeupe kwa sakitu, watu hamna, nikakaa kati ya Arjuna na Semar mpaka jua likayeyusha sakitu yote. Saa tano ukungu ukaanza kurudi kutoka milimani, nami nikashuka kwenda kunywa chai, huku magari ya watalii ndo kwanza yanapanda.