Ulimkosoa mjomba na kumbe alikuwa sawa

Pole sana dadangu, hiyo aibu inauma. Mjomba alisema mbele ya wageni reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901, ukamkatiza ati ni 1931, na kumbe 1931 ndio ilifika Kampala. Sasa wacha kumkwepa, mpigie leo leo umwambie tu "mjomba ulikuwa sawa, nisamehe kwa kukukatiza", na usianze kueleza vile ulichanganya miaka juu ataona bado unabishana. Mimi naona kilichomuuma ni kukatizwa kuliko hiyo tarehe. Alafu vile ulimkosoa watu wakisikia, andika hiyo samahani pia kwa grupu ya familia, hiyo hatua ndio wengi huruka na mzee anabaki na kinyongo. Akikucheka kidogo mwache acheke.