Risasi za kujaza nyumbani au za kiwandani: zipi zikae kwenye bastola ya kujilinda?

SWALI: Ndugu fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina ukaazi wa kudumu hapa Marekani na ninaishi Ohio na familia yangu. Nyumbani nina bastola ya 9mm na rivolva ya .38 Special kwa ajili ya kujilinda. Kwa miaka minne sasa ninajaza risasi zangu mwenyewe gerejini, yaani maganda matupu nayatia upya baruti na kichwa, kwa mashine ya mkono, mizani na vitabu vya vipimo, na kusema kweli zinapiga shabaha vizuri kuliko za dukani. Rafiki yangu wa klabu ya shabaha ananionya nisithubutu kuziweka kwenye bastola ya kujilinda, kwa sababu siku ikitokea la kutokea mwendesha mashtaka atasema nilijitengenezea risasi za kuulia watu. Je, hilo ni kweli au ni maneno ya kijiweni? Na zile kama 300 ambazo nimekwisha kuzijaza nizifanye nini?

JIBU: Salaam zimefika, ndugu yangu. Nakubaliana na rafiki yako kwamba kwenye bastola ya kujilinda zikae risasi za kiwandani, ila sababu aliyokupa ndiyo dhaifu kuliko zote, na mtu akiishikilia hiyo peke yake anaweza kuishia kupuuza ile yenye uzito.

Tuanze na hiyo dhaifu. Mwendesha mashtaka anaweza kusema lolote juu ya silaha yako, na risasi za kiwandani hazimfungi mdomo. Mwaka 2004 huko Arizona mwalimu mstaafu aliyekuwa akitembea porini alimpiga na kumuua mtu aliyemjia mbio, akashtakiwa, na mahakamani likazungumzwa sana suala la bastola yake ya 10mm na risasi zenye tundu kwenye ncha, kana kwamba ukubwa wake unaonyesha nia mbaya. Alitiwa hatiani mwaka 2006, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo. Hoja pale ilikuwa ukubwa wa bastola na umbo la risasi, si nani aliyeijaza. Kwa hiyo neno la "risasi za kuulia" wakili wako anaweza kulijibu kwa dakika kumi, na mimi katika kazi hii sijakutana na kesi ambayo mtu alifungwa kwa sababu hiyo peke yake.

Sababu yenye uzito iko maabara. Bastola inapolia, mdomoni mwa mtutu hakitoki kichwa cha risasi peke yake. Hutoka pia moshi, masizi, chembe za baruti ambazo hazikuungua zote, na mabaki ya fataki, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachopigwa na pini, ambacho kwa kawaida huacha chembe zenye bariamu, antimoni na risasi (hapa nasema risasi kwa maana ya yale madini, lugha yetu imetupa neno moja kwa vitu viwili). Vitu hivyo husambaa kama maji ya bomba la bustani: karibu na mdomo vimekusanyika, mbali vimetawanyika. Kwa bastola nyingi masizi huonekana pale mtutu ulipokuwa umbali wa sentimita chache hadi kama 30, na chembe za baruti hufika mbele zaidi, wakati mwingine karibu mita 1. Zikifika kwenye ngozi huacha vidoa vyekundu vinavyofanana na vipele vya joto, na haviondoki kwa kuoshwa kwa sababu chembe zimeichana ngozi.

Mchunguzi akitaka kujua umbali, huchukua bastola ile ile, hutundika vitambaa vyeupe vya pamba na kuvipiga kutoka umbali mmoja baada ya mwingine, kisha hulinganisha madoa ya kila kitambaa na yale yaliyo kwenye shati la aliyepigwa. Kazi yote hiyo inasimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba risasi za majaribio ziwe sawa na ile iliyopigwa. Baruti ya vibapa vyembamba na ile ya chembe za mviringo hazisafiri sawa, kwani zile za mviringo hufika mbali zaidi, na ukipunguza au kuongeza kipimo madoa hubadilika tena. Sasa fikiria umesema aliyekuvamia alikuwa hatua moja mbele yako na kisu mkononi, na maabara, kwa kutumia risasi isiyo yako, ikatoa jibu kwamba alikuwa mbali. Hapo tofauti ya vitambaa viwili imekuwa tofauti kati ya mtu aliyejitetea na mtu aliyesema uongo.

Hili limewahi kutokea, ingawa si katika kesi ya kujilinda, na ni vizuri kulisema hivyo kwa sababu wengi huisimulia vibaya. Mwaka 1989 huko New Jersey mwanamke alikufa kwa risasi ya kichwani nyumbani kwake. Mume alidai kwamba mkewe ndiye aliyeishika rivolva na kutaka kujiua, na kwamba bastola ililia alipokuwa akijaribu kumzuia. Bwana huyo alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe, nyingine zikiwa dhaifu sana, zenye baruti kidogo, ambazo zingeweza kuacha masalio haba. Maabara ilisoma maandishi yaliyogongwa kitakoni mwa ganda, ikafanya majaribio kwa risasi za kiwandani zenye nguvu zaidi, na kwa kuwa hizo zilitapakaza masalio mengi huku marehemu akiwa hana, ikaonekana mtutu ulikuwa mbali kuliko mkono wake ungeweza kufika. Kesi ilisikilizwa zaidi ya mara moja, na mwishowe alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Sisemi kwamba alikuwa mkweli, hilo silijui wala si kazi yangu. Ninachosema ni kwamba hata kama alikuwa mkweli, ganda lile lilisema jambo moja na kilichokuwa ndani yake kilikuwa kingine, na njia ya kulithibitisha mbele ya juri ilikuwa imezibwa tangu siku alipolijaza.

Utaniambia kwamba wewe unaandika kila kitu: tarehe, aina ya baruti, uzito kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), fataki za kampuni gani. Ni tabia nzuri na uendelee nayo. Lakini mahakamani daftari lako ni maneno yako mwenyewe juu ya jambo ambalo wewe ndiye unayenufaika nalo, na jaji anaweza asilipokee, au akalipokea na upande wa pili ukauliza nani aliyekuwa gerejini siku ile kushuhudia kwamba risasi hii ndiyo iliyotoka katika ukurasa ule. Hata ukipeleka sampuli kutoka kwenye kopo lako, zimetengenezwa na mshtakiwa. Boksi la dukani, kinyume chake, limepigwa namba ya toleo, kiwanda hutunza kumbukumbu za toleo hilo, na mchunguzi anaweza kununua risasi za aina hiyo hiyo bila kukuuliza wewe chochote. Ushahidi huo haupiti mikononi mwako, na hapo ndipo ulipo uzito wake.

Jambo la pili ni kuaminika, na hapa sizungumzii ustadi wako. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, dereva wa malori, aliniletea rivolva ambayo silinda yake ilikataa kuzunguka. Nilipoiangalia kwa tochi nikakuta kichwa cha risasi kimekwama nusu kwenye silinda na nusu kwenye mtutu. Aliniambia bastola haikulia "pa!" kama kawaida, ilifanya "pfu" tu, kwa hiyo aliacha kupiga. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Fataki peke yake ndiyo iliyosukuma kichwa mpaka pale. Alikuwa na bahati, kwa sababu kingesogea sentimita moja zaidi silinda ingezunguka, naye angepiga inayofuata juu yake, na mtutu ungevimba au kupasuka. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Ganda la .38 Special lilibuniwa enzi za baruti nyeusi iliyojaa nafasi kubwa, kwa hiyo kipimo kidogo cha baruti ya kisasa hulala chini kabisa, na ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya ganda halifuriki wala halikuonyeshi dalili. Kiwango cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, ni 17,000 psi (pauni kwa inchi ya mraba) kwa .38 Special ya kawaida na 35,000 psi kwa 9mm. Mimina mara mbili, na hayo si mahesabu ya kuyafanya bastola ikiwa mkononi.

Uwanjani kosa kama hilo unalitazama, unalaani kidogo, unachukua bastola nyingine. Saa nane za usiku, watoto wakiwa chumba cha pili, hakuna nafasi ya kutafuta bastola nyingine. Viwanda hupima uzito wa kila hatua kwa mashine, na risasi nyingi za kujilinda hupakwa lakiri kuzunguka fataki ili mafuta ya kusafishia bastola na unyevu visipenye. Hata hivyo viwanda navyo hukosea, na mara kwa mara hutangaza kurudisha toleo fulani. Kwa hiyo kila risasi unayoitia kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi cha bastola, itazame kwanza kwa macho: fataki isizame kupita kiasi wala isichomoze, ganda lisiwe na mbonyeo.

Kuhusu shabaha, nakuamini kabisa kwamba zako ni bora. Lakini ndani ya nyumba umbali ni wa kutoka kitandani hadi mlangoni, na tofauti ya sentimita mbili kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 25 haina kazi hapo. Kinachohitajika ni kichwa kinachofunguka na kuingia kwa kina kinachofaa, na hicho si kitu cha kubahatisha. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambako maofisa wawili wa FBI waliuawa, huku risasi moja ya 9mm iliyompiga jambazi ikisimama kabla ya kufika moyoni, idara hiyo ilianza kupima risasi kwa jelatini ya asilimia 10, ikitaka ziingie inchi 12 hadi 18, yaani kama sentimita 30 hadi 45, hata zikipita kwanza kwenye nguo nzito. Kichwa chenye tundu hutengenezwa kifunguke katika mwendo fulani. Ukikinunua chenyewe na kukisukuma kwa kasi kuliko kilivyokusudiwa, kinaweza kuchanua mapema na kusimama njiani. Ukikisukuma polepole hakichanui, kinapita na kwenda kumtafuta jirani. Wewe huna jelatini gerejini, na kifaa cha kupimia mwendo hakikuonyeshi kinachotokea baada ya kugusa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua aina moja ya risasi za kujilinda kwa kila bastola, maboksi kadhaa yenye namba moja ya toleo. Piga zisizopungua 100 kwenye bastola yako mwenyewe, maana risasi nzuri kwa bastola ya mwenzako inaweza kukwama kwenye yako. Zinazobaki zitunze kwenye boksi lake, lipige picha namba ionekane, na usichanganye matoleo ndani ya magazini. Na ile risasi ya kwanza unayoitoa kwenye chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kila jioni na kuirudisha asubuhi, usiirudishe ile ile daima: kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi hupungua na shinikizo hupanda. Ilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa fupi, itoe kazini.

Niseme na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu linawagusa wengi wetu. Kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu ya Marekani, lakini kuzijaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji leseni ya mtengenezaji, kwa hiyo usimjazie mtu kwa malipo. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu uko salama upande huo. Ila binamu aliyekuja kwa viza ya masomo na kukaa kwako, sheria hiyo kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha na risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji, na katika sheria hiyo neno risasi linajumuisha pia maganda, fataki, vichwa na baruti. Usimwambie akusaidie kufunga maboksi gerejini. Na mashine yako usiifungashe kwenye kontena la kwenda nyumbani ukidhani ni kifaa cha michezo, kwani Tanzania na Kenya zote mbili zinadhibiti utengenezaji wa risasi kwa sheria zake za silaha.

Zile 300 ni za mazoezi, na hapo ndipo risasi za kujaza zinapong'ara: zikuwezeshe kupiga kila wiki bila kumaliza mshahara. Ukiweza, awamu ijayo zijaze kwa kichwa cha uzito ule ule na msukumo unaokaribiana na wa zile za kiwandani, ili mkono usishangae. Zikae kwenye maboksi ya rangi tofauti, kabati tofauti, yakiwa na tarehe na kipimo. Zile ambazo hukumbuki ulizijaza lini au kwa baruti gani usizipige kabisa. Ng'oa vichwa kwa ile nyundo yake ya kugongea, maganda utayatumia tena, na baruti itakayotoka usiirudishe kwenye kopo lolote hata kama unadhani unaitambua kwa sura.