Wikiendi ya wawili Palm Springs: mpange kwa saa za jangwa

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi Kusini mwa California tunafanya kazi za shifti, tunalea watoto bila bibi wala shangazi wa karibu, na simu za nyumbani zinaingia usiku wa manane kwa sababu kule kumeshakucha. Mke na mume wanaweza kulala nyumba moja mwezi mzima huku wakipishana mlangoni tu, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Wanandoa wakiniuliza waende wapi wawili peke yao bila kupanda ndege, jibu langu ni Palm Springs. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Los Angeles, foleni ikiwa imewahurumia. Ni mji mdogo uliokaa chini ya mlima San Jacinto. Hoteli zake ni nzuri, hewa yake ni kavu, na usiku wake ni wa nyota.

Ila nina sharti moja, nalo nalirudia kwa kila anayeniuliza: msiende na ratiba ya mjini. Jangwani asubuhi ni ya kutoka, mchana ni wa kivuli na maji, jioni ni ya kutoka tena. Mkiufuata mwendo huo, yale masaa ya mchana ambayo hakuna pa kwenda ndiyo yatakayowapa nafasi ya kuongea. Mkiupinga, mtarudi mmeungua na mmenuniana.

Anzeni na msimu, maana hapo ndipo pesa nyingi huokolewa au kupotea. Kuanzia Novemba hadi Aprili mchana ni wa kupendeza na usiku una baridi ya kuvaa sweta. Lakini ndani ya miezi hiyo kuna wikiendi za kuziogopa. Februari kuna Modernism Week, wapenzi wa usanifu wa majengo wanapofurika mjini. Machi kuna mashindano makubwa ya tenisi ya Indian Wells, jirani tu. Aprili kuna tamasha la muziki la Coachella kwa wikiendi mbili kule Indio, mji wa bonde hili hili, na tamasha la muziki wa country la Stagecoach hufuata. Siku hizo chumba cha kawaida kinauzwa kwa bei ya kifahari, na bonde zima linajaa magari. Mimi napenda kati ya Novemba na mwanzoni mwa Desemba, au Januari sikukuu zikishapita. Na mkiweza kuomba ruhusa kazini mwende Jumapili hadi Jumatano, mtashangaa bei ilivyoshuka na bwawa lilivyo tulivu.

Wengine huniambia kiangazi bei ni rahisi zaidi. Ni kweli, na sababu ipo. Tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilifika nyuzi 124 za Farenhaiti, yaani kama 51 za Selsiasi, rekodi ya mji huo. Hata siku ya kawaida ya Julai huvuka nyuzi 40 za Selsiasi. Sisi tuliokulia Dar au Mombasa tunajidanganya kwamba joto tunalijua. Joto la pwani lina jasho, linakukumbusha kunywa maji. La huku linakausha jasho kabla hujaliona, na unagundua kiu umeshachelewa, kichwa kinagonga. Kwa safari ya kwanza ya wawili, kiangazi siwashauri.

Sasa hoteli. Uzuri wa Palm Springs uko kwenye hoteli ndogo ndogo za ghorofa moja au mbili, nyingi zilijengwa miaka ya 1940 hadi 1960, vyumba vikizunguka bwawa la kuogelea na mlima ukiwa umesimama nyuma. Nyingi hazipokei watoto, na kwa wazazi wanaotafuta utulivu hiyo ni neema. Soma maelezo ya hoteli hadi mwisho kabla ya kulipa, kwani zipo zinazopokea wanaume tu, na zipo ambazo bwawani nguo si lazima. Ni vizuri mjue mapema kuliko kushtukia mkiwa mmeshashusha mabegi.

Msiishie kwenye picha. Pigeni simu hotelini muongee na mtu. Muulizeni kama bwawa linapashwa moto, maana Januari maji yasiyopashwa moto hayaingiliki. Muulizeni kama wikiendi hiyo kuna muziki bwawani au harusi iliyochukua nusu ya vyumba. Muulizeni kama wikiendi wana idadi ya chini ya usiku wa kulala, na gari mtaegesha wapi na kwa bei gani. Na kuna swali ambalo wageni wengi hawalijui: jua linaondoka bwawani saa ngapi? Mlima uko upande wa magharibi na uko karibu sana. Majira ya baridi, hoteli zilizojibana chini yake huingia kivulini alasiri mapema, wakati zile za upande wa mashariki bado zinaota jua. Kama mke wako amekuwa akilitamani jua la bwawani tangu Oktoba, swali hilo moja linaweza kuokoa wikiendi yenu.

Kuhusu ada, mambo yamekuwa afadhali. Sheria ya California iliyoanza Julai 2024 inataka bei inayotangazwa iwe na ada zote za lazima, siyo kukuwekea chambo halafu ada ya risoti inaibukia kaunta. Kodi ya serikali bado huongezwa mwishoni, kwa hiyo hesabuni hadi ukurasa wa malipo.

Na hilo la pesa, kaeni chini mlizungumze nyumbani, siyo kwenye meza ya mgahawa. Wengi wetu tuna ada za shule za wadogo zetu, tuna mchango wa harusi, tuna mzee anayetibiwa. Kama kuna pesa ya kutumwa nyumbani mwezi huo, itumwe kabla ya safari, mjue kilichobaki ni cha nyie wawili na mkitumie kwa moyo mweupe. Kisha waambieni watu wa nyumbani kwamba siku fulani hadi fulani hampatikani, isipokuwa kwa dharura, na dharura apokee ndugu mmoja. California iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 11 majira ya baridi, saa 10 kiangazi. Msipoaga, simu ya harambee itawakuta mmeshazima taa.

Sisi nyumbani tuna utaratibu wa kila mmoja kuchagua jambo moja lisiloguswa. Mke wangu akisema, "Baba Asha, mimi mlimani lazima nifike," basi siku inajengwa kuzunguka hilo. Mimi changu huwa makorongo ya Indian Canyons. Mengine yote yakipatikana ni heri, yasipopatikana hakuna lawama.

Makorongo hayo yako kusini mwa mji, kwenye ardhi ya Agua Caliente, wenyeji wa kabila la Cahuilla, na ni wao wanaoyasimamia na kukusanya kiingilio. Fikeni saa mbili asubuhi geti linapofunguliwa. Kati ya Julai na Septemba hufunguliwa siku chache tu za wiki, hivyo angalieni kwanza. Kama mna muda wa korongo moja, nendeni Andreas. Njia yake ni fupi, kama maili moja kuzunguka, na mnatembea kando ya kijito chenye maji ya kweli katikati ya jangwa. Mitende ya pale si ya kupandwa, ni ya asili ya California, na majani yake makavu hayadondoki. Yananing'inia kuzunguka shina kama sketi ndefu, na upepo ukipita mnasikia mchakacho juu ya sauti ya maji. Karibu na njia kuna miamba yenye mashimo laini ya duara. Hayo ni vinu. Wanawake wa Cahuilla walitwangia mbegu papo hapo juu ya mwamba, miaka na miaka, hadi jiwe likaliwa. Mke wangu aliyekua anatwanga kwa bibi yake alikaa kwenye mwamba ule muda mrefu, akipitisha mkono ndani ya shimo. Sikumharakisha.

Kufikia saa tano rudini hotelini. Huu ndio wakati wa bwawa, wa kulala, wa chakula chepesi chumbani, wa yale mazungumzo ambayo nyumbani hukatizwa na mtoto anayetafuta soksi. Msiujaze mchana huu kwa maduka. Kule Cabazon, kabla hamjafika mjini, kuna maduka makubwa ya bei ya punguzo, na najua wengi wetu tunashawishika kusimama "mara moja tu" kutafuta viatu vya kutuma nyumbani. Saa tatu zinayeyuka pale. Maduka hayo yapeni siku yake nyingine.

Jioni ndiyo ya mlima. Lifti ya waya ya Palm Springs Aerial Tramway ilifunguliwa mwaka 1963. Inapanda kutoka futi 2,643 hadi futi 8,516, karibu mita 2,600, kwa muda wa dakika 10 hivi. Sakafu ya behewa inazunguka polepole, kwa hiyo hakuna haja ya kugombania dirisha. Mnaondoka kwenye vichaka vya jangwa, mnashuka kwenye misonobari, na majira ya baridi mnaweza kukanyaga theluji. Juu kuna baridi ya nyuzi 17 za Selsiasi au zaidi chini ya ile mliyoiacha bondeni. Chukueni makoti hata kama chini mlikuwa na kandambili. Nunueni tiketi mtandaoni mapema, mpande saa moja na nusu kabla ya jua kuzama, mkae juu hadi taa za bondeni ziwake. Kila mwaka huwa inasimama kwa matengenezo, kwa kawaida Septemba.

Kuhusu majengo, ambayo ndiyo yaliyoupa mji huu jina la umaridadi, hamhitaji kuwa wasanifu kuyafurahia. Mkitoka Los Angeles, ondokeni barabara kuu ya I-10 mwingie Highway 111, mlima ukiwa kuliani. Jengo la kwanza litakalowapokea lina paa lililochongoka kuelekea angani. Lilikuwa kituo cha mafuta kilichobuniwa na wasanifu Albert Frey na Robson Chambers, likajengwa mwaka 1965, na sasa ni kituo cha wageni. Asubuhi moja pitieni mtaa wa Twin Palms au Vista Las Palmas kwa baiskeli. Angalieni jinsi paa zilivyotandazwa nje ya ukuta ili dirisha kubwa la kioo lisipigwe na jua kali. Mwimbaji Frank Sinatra alijengewa nyumba mtaa wa Movie Colony mwaka 1947, kazi ya msanifu E. Stewart Williams, na bwawa lake lina umbo la piano. Nyumba hizi zina wenyewe, kwa hiyo mtazame kutoka barabarani.

Kama mna usiku wa ziada, siku moja nzima ipeni Joshua Tree, hifadhi ya taifa tangu 1994, mwendo wa kama saa moja. Ndani hakuna mgahawa, na mtandao wa simu haushiki sehemu kubwa ya hifadhi. Jazeni tangi, pakueni ramani kwenye simu, bebeni maji yasiyopungua galoni moja kwa kila mtu. Bebeni pia kitana. Kwenye bustani ya cholla, aina ya dungusi kakati lenye miiba mingi, vipande vya mmea huo vinanasa kwenye suruali na kwenye ngozi, na ukivitoa kwa vidole vinahamia vidoleni. Kitana kinapenyezwa kati ya mwiba na ngozi, unang'oa kipande kwa mpigo mmoja. Mwende pia Keys View kabla ya jua kuzama, mlione bonde lote hadi ziwa la Salton Sea.

Mkiingia kwa lango la kaskazini na kutokea lango la kusini, mtashukia upande wa Indio, nchi ya tende. Hapa mtu wa pwani anajisikia karibu na kwao. Miche ililetwa kutoka Algeria, Iraki na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, na kijiji kimoja cha mashambani kikaitwa Mecca. Shields Date Garden imekuwa Indio tangu 1924, na wanauza maziwa ya barafu yaliyosagwa na tende, mazito, matamu. Chukueni glasi moja mnywe wawili. Msiishie kwenye tende za Medjool tu. Ulizeni Barhi au Khadrawy, na mkinunua wakati wa mavuno, kuanzia Septemba hadi Desemba, mtapata za kuweka akiba ya Ramadhani kwa bei nzuri kuliko za dukani.

Kuhusu kurudi: Jumapili mchana I-10 inajaa kutoka Banning hadi mbali, na wikiendi nzima inaweza kumalizikia kwenye foleni mkilaumiana nani alichelewesha. Upepo nao, hasa majira ya kuchipua, hufagia mchanga barabarani, na Indian Canyon Drive na Gene Autry Trail hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo angalieni hali ya barabara kabla ya kuwasha gari. Sisi hulala hadi Jumatatu, tukanywa chai bila haraka, na kuondoka baada ya saa tatu asubuhi wakati foleni ya watu wa kazini imeshalegea.