Snuka kwa wanaoanza Mtwara: panga mwili kabla ya fimbo

Wadogo zangu, wengi wenu mmejifunzia kwenye meza ndogo za pool za Magomeni na Chikongola, ambako mpira ukipinda kidogo bado unaingia. Meza ya snuka haikusamehei hivyo. Ina urefu wa futi 12, mipira yake ina kipenyo cha milimita 52.5 tu, na mashimo ni finyu. Lakini mkao sahihi unaweza kuujenga hata kwenye hiyo meza ndogo.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kuinama kwanza, halafu ndipo anatafuta shabaha. Simama nyuma ya mpira mweupe, uone mstari wa pigo. Kama unatumia mkono wa kulia, mguu wa kulia uukanyage mstari huohuo, wa kushoto utangulie na kukaa pembeni kidogo, kisha shuka moja kwa moja. Ukiona umekaa upande, usijaribu kurekebisha kwa kiwiko. Inuka, anza upya, hata kama wanaosubiri zamu wameshapanga sarafu zao ukingoni.

Ukiwa chini, fimbo iguse kifua na kidevu. Si lazima ipite katikati ya kidevu: Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1927 na 1946, aliipitisha chini ya jicho la kushoto kwa sababu la kulia lilikuwa dhaifu. Chunguza jicho lako lenye nguvu ni lipi. Vidole vya mkono wa mbele vitanue, vikamate kitambaa cha meza. Na kwa joto letu la pwani fimbo hunata, kwa hiyo tembea na kitambaa kikavu.

Mkono wa nyuma ushike kwa ulaini. Vuta fimbo taratibu, tua kidogo, kisha isukume ipite pale mpira ulipokuwa. Baki chini mpaka mpira uliolengwa ufike shimoni. Mipira mingi hukosewa kwa sababu kichwa kimenyanyuka mapema.

Nenda mchana, meza ikiwa tupu. Piga mpira mweupe katikati, unyooke hadi ukingo wa mbele na kurudi. Mpira ukirudi na kugusa tena ncha ya fimbo, umepiga sawa. Mpira ukirudi ukielekea kulia kwako, huenda uliupiga upande wa kulia: angalia mguu wa nyuma kwanza, halafu kiwiko.