Uliza Fundi: Gari la Zamani Nimelichokonoa, Ukaguzi Umelikataa Mara Mbili

Swali: Shikamoo fundi. Nina Ford Escort ya mwaka 1971, ile Mk1 (toleo la kwanza), ilikuja na injini ya 1100 na breki za ngoma mbele na nyuma. Nimeitia injini ya Ford hiyohiyo lakini ya 2000, breki za mbele nimeweka disi nilizotoa kwenye gari jingine, springi za mbele nimekata raundi moja na nusu ili ikae chini, rimu pana na spesa (vile vipande vya kusogeza gurudumu nje), na taa zote sasa ni LED. Gari imetulia kweli, ukiiona utapenda. Shida ni ukaguzi, nimerudishwa mara mbili. Karatasi inasema breki za mbele zinakokota, za nyuma zinawahi kuganda, springi imelegea, mwanga wa taa unatawanyika, indiketa zinawaka haraka mno, na namba ya injini haifanani na kadi. Washkaji wananiambia huyo mkaguzi anachukia tu magari yaliyochokonolewa, nirudishe vitu vya zamani siku ya ukaguzi halafu nikifika nyumbani nivitoe. Unanishaurije? — *Mpenda Makuukuu*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza achana na hao washkaji. Kufungua na kufunga vitu vyote hivyo mara mbili kwa mwaka ni kazi kubwa kuliko kurekebisha mara moja, na siku ukigongana bima wataangalia gari lilivyokuwa barabarani siku hiyo, sio lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Pili, nimeisoma hiyo karatasi yako na sijaona chuki hata mstari mmoja. Alichoandika ni mambo yanayofuata yenyewe ukibadilisha kitu kimoja na jirani yake ukamwacha kama alivyokuwa. Disi zako mpya hazina kosa, kosa lipo kwenye masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ambayo hukuigusa, nina uhakika wa karibu asilimia mia hukuigusa.

Tuanze na karatasi kwa sababu ndo rahisi. Namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi kabla hujapeleka gari, sio baada. Mkaguzi akikuta namba haifanani hawezi kujua kama injini umeinunua au imeibwa, na hapo hata gari liwe zima namna gani halipiti. Beba risiti ya injini, picha za kazi ilivyokuwa inaendelea, na kama unaweza beba kitabu kinachoonyesha kwamba Ford wenyewe mwaka 1973 walitoa Escort RS2000, yaani bodi hiyo hiyo ya Mk1 na injini ya 2000 na disi mbele. Hii inasaidia sana aisee, maana unaonyesha bodi hii iliwahi kubeba injini hii kutoka kiwandani, hujabuni kitu gizani.

Sasa breki, na hapa nitakaa kidogo.

Masta silinda nyingi za gari lenye ngoma pande zote zina kivalvu kidogo ndani kinachobakiza presha kwenye paipu hata ukiachia pedali, kama psi 10 hivi (psi ni kipimo cha presha). Kwenye ngoma haina shida, shuu (vile vipande vinavyobana ngoma kwa ndani) zina springi kali za kuzirudisha, na hiyo presha kidogo inazisaidia raba za silinda za magurudumu zisivute hewa. Disi haina springi ya kurudisha. Pistoni ya kalipa, yaani ile koleo inayobana disi kwa pedi, inarudi nyuma kwa ile raba yake tu, ambayo hujikunja ukikanyaga na kujinyoosha ukiachia, basi, ni sehemu ya milimita. Sasa ukiiwekea psi 10 muda wote pedi zinabaki zimekumbatia disi, unatembea zinapata moto, na ukifika kwenye roli za ukaguzi mashine inasoma nguvu ya breki wakati mguu wako hata hauko kwenye pedali. Ndo hiyo "zinakokota" aliyoandika.

Kabla hujanunua kitu hakikisha ndo ugonjwa wenyewe. Endesha mpaka zikokote, piga jeki gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono uone uzito wake, halafu fungua nipo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likawa jepesi papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa: ni kivalvu, au hozi ya breki imevimba ndani, au fimbo inayosukuma masta haina nafasi hata kidogo ukiachia pedali. Gurudumu likibaki zito vilevile, kalipa yako imeshika kwa kutu, na ukisema ulizitoa gari jingine hilo nalo lisikushangaze. Ikiwa ni kivalvu, tafuta masta ya gari lililotoka na disi mbele na ngoma nyuma. Kuna watu wanakichokoa kivalvu kwa msumari, mimi sikushauri, breki sio mahali pa ujanja wa msumari.

Na hizo za nyuma kuwahi kuganda zinatoka hukohuko. Ngoma ya mbele ikizunguka inajivutia shuu yenyewe, inajisaidia, kwa hiyo inahitaji presha ndogo. Disi haijisaidii, inataka presha kubwa. Ulipoweka disi mbele ukawa unakanyaga kwa nguvu zaidi, na ile presha kubwa inaenda mpaka nyuma kwenye ngoma zilizozoea presha ndogo, zinaganda mapema. Nyuma ikiganda kabla ya mbele gari linageuka, mkia unataka kuwa kichwa, hasa kwenye lami iliyolowa. Dawa ni valvu ya kupunguza presha kwenye laini ya nyuma, au silinda za magurudumu ya nyuma zenye kipenyo kidogo zaidi. Ila rekebisha mbele kwanza, halafu ndo upime nyuma, usifanye vyote kwa wakati mmoja ukapotea.

Springi. Ukikata springi ya kawaida halafu ukaacha shoku ndefu ile ile, gari likinyanyuliwa gurudumu linaning'inia chini kuliko urefu wa springi, na springi inacheza kwenye kikombe chake, wakati mwingine unaweza kuizungusha kwa mkono. Mkaguzi ananyanyua gari, anashika, inazunguka, kwisha habari yako. Na ukiruka tuta barabarani inaweza kutua vibaya. Nunua springi fupi zilizotengenezwa fupi pamoja na shoku fupi zake. Zile za kupasha moto kwa gesi mpaka zilale usifikirie kabisa, chuma kikishapata moto vile ugumu wake umekwenda.

Spesa hujaulizwa ila mi nakuuliza: nati zinaingia raundi ngapi? Kipimo ninachotumia ni kwamba uzi unaoshika usiwe mfupi kuliko unene wa bolti, kwa hiyo bolti ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5 inataka raundi 8 kamili. Ukipata 5, weka bolti ndefu au toa spesa. Halafu kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto watu wawili wakiwa wamekaa ndani, uone kama tairi inagusa bodi au hozi ya breki.

Na kama rimu pana umeivalisha tairi ya 185/60 R13 badala ya 165 R13 ya zamani, kipenyo kimeshuka kutoka kama milimita 594 hadi kama 552. Dashibodi ikisema 100 wewe unaenda kama 93. Sio hatari, ila gari limeshuka tena sentimita mbili bila wewe kujua, ongeza hiyo kwenye ulichokata. Soma na zile namba nne za tarehe ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Magari haya hayatembei sana, kashata (meno ya tairi) linabaki zuri huku raba imeshapasuka kwa uzee.

Taa ni fupi. Kioo na kiakisi vyako vilichorwa kwa balbu ambayo waya wake unaowaka uko sehemu moja kamili, ukiweka LED mwanga unatoka pengine na kila anayekuja mbele yako unampofua. Rudisha balbu ya aina yake ya asili kwenye taa za mbele, na kama zilikuwa hafifu weka rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na waya nene, maana umeme wote kupita kwenye swichi ya miaka hamsini lazima ufike umechoka. LED waachie indiketa na breki, huko nako hakikisha zinakubalika mahali ulipo. Indiketa zinakimbia kwa sababu flasha, kile kifaa kinachoziwasha na kuzizima, inategemea umeme unaoliwa na balbu za kawaida, LED inakula kidogo mno, nayo inadhani balbu imekufa. Nunua flasha ya elektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED. Kipimo kinachotumika sana ni mara 60 hadi 120 kwa dakika, unaweza kuhesabu kwa saa yako ya mkononi.

Swali: Fundi habari. Gari langu la kabureta, miaka ya 80 mwanzoni, limefeli moshi, mashine imesoma CO 6.8. Fundi wangu anataka kubadili kabureta yote. Nimkubalie? — *Mama wa Kabureta*

Jibu: Nzuri dada. Usimkubalie bado. CO ni ile gesi ya sumu kwenye moshi, na ikiwa kubwa maana yake petroli ni nyingi mno kwa hewa inayoingia, na kabla ya kabureta kuna watu wengi wa kuhojiwa. Filta ya hewa imeziba? Choki inafunguka yote injini ikipata moto au imebaki nusu? Lile boya la ndani linalozuia petroli isijae limetoboka au limepanda juu? Na je, ulifika ukaguzi injini imepata moto sawasawa? Watu wengi wanafika mapema, wanazima gari, wanakaa foleni saa nzima, injini inapoa, halafu wanashangaa. Fika ikiwa ya moto na usiiache ipoe.

Kukupa picha tu, Uingereza gari lililoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 linaruhusiwa CO asilimia 4.5, kwa hiyo 6.8 sio mbali kihivyo, skrubu ya mchanganyiko na filta mpya vinaweza kukufikisha. Ila mwambie fundi apige taimingi (muda wa plagi kutoa cheche) na plagi kwanza ndo ashike skrubu. Akianza na skrubu atakuwa anaficha kosa kwa kosa.

Swali: Gari la 1962, halikuja na mikanda ya kiti. Nikiweka mwenyewe itanisaidia kwenye ukaguzi au nitajitafutia matatizo? — *Babu Kijana*

Jibu: Vyote viwili. Sehemu nyingi gari la umri huo halidaiwi mikanda ambayo halikuzaliwa nayo, ila ukishaweka unakaguliwa kama wengine. Usitoboe bati la sakafu ukaweka bolti na washa ndogo basi, ajali ikitokea bolti inachomoka na kipande cha bati. Inatakiwa sahani ya chuma nene upande wa chini. Na kutu: Waingereza wanaangalia kutu ndani ya sentimita 30 kuzunguka mahali mkanda unaposhikia, hicho ni kipimo kizuri kwa mtu yeyote. Pati (ile ya kujazia mashimo ya bodi) usiitegemee, wanagonga kwa nyundo ndogo, sauti ya chuma na sauti ya pati hata mtoto anazitofautisha. Viraka vichomelewe mshono mfululizo, sio vidoti vidoti.

Mimi binafsi ningeiweka. Ukaguzi ni siku moja.

Swali: Nimesikia gari likifika miaka 40 halikaguliwi tena. Kweli? — *Mvivu wa Foleni*

Jibu: Uingereza, kweli, tangu Mei 2018, kwa sharti kwamba halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa ndani ya miaka 30 iliyopita, yaani chesisi, ekseli na mambo ya kushikilia magurudumu, injini ya aina nyingine kabisa. Ujerumani gari likifika miaka 30 na liko karibu na asili yake linaweza kupata namba ya H, yaani ya magari ya kihistoria, lakini ukaguzi kila miaka miwili uko palepale. Kwa hiyo angalia sheria ya unapoishi, na kama wewe ni mchokonozi kama huyu wa Escort usiwe na haraka ya kushangilia.

Swali: Kuosha gari kabla ya ukaguzi kuna maana yoyote au ni kujipendekeza? — *bila jina*

Jibu: Kuna maana, ila osha chini, juu hakuna anayejali. Mkaguzi akikuta matope na grisi kwenye boli jointi (viungo vinavyoshikilia magurudumu) hawezi kuona kama kuna ufa, na asichokiona anaweza kukikataa kukipima. Osha siku moja kabla ili breki zikauke. Usipige rangi nyeusi ya chini wiki hiyo, ikinuka mpya anajua kuna kitu umekifunika, ataanza kugonga kila mahali. Na jaribu honi. Mimi niliwahi kutumia miezi minne kwenye gari moja la zamani, breki mpya, waya mpya kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nikafika kwenye ukaguzi kifua mbele, jamaa akabonyeza honi, kimya, nikarudi nyumbani na karatasi yenye mstari mmoja.